Kabla Hujang'oa Injini, Ipime

Hotuba kwa wenye magari ya zamani na mafundi wao, Chang'ombe, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi, dada zangu, kaka zangu, habari za jioni. Najua Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na wapo hapa mafundi waliofunga gereji saa nane ili wawahi. Ahsanteni sana.

Hiki nilichoshika ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake. Itazunguka, kila mtu ataishika. Angalieni hapa kati ya silinda ya tano na ya sita: pameungua hadi ukingo wa chuma umeliwa. Imetoka kwenye Datsun 240Z ya mwaka 1972 aliyoniachia baba mdogo.

Ilikuwa mwezi wa pili, saa kumi jioni, niko kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere naelekea TAZARA. Mshale wa joto ulipanda. Niliuona, nikajiambia foleni itasogea sasa hivi. Haikusogea. Nilipozima injini mvuke ulikuwa umeshaanza kutoka chini ya boneti, na nilipovuta kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji yameingia ndani yake. Vijana wawili wa bodaboda walinisaidia kulisukuma gari hadi pembeni, nikakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka giza likaingia.

Kesho yake gari lilivutwa hadi gereji moja. Fundi alifungua kifuniko cha oili, akachungulia, akaniambia: "Bosi, hii imekufa. Tunaitoa, tunaweka ya Toyota GX100. Siku nne uko barabarani." Hakufungua hedi. Hakupima chochote. Nami nikakubali, kwa sababu nilikuwa na uchungu na nilitaka mtu aniambie kuwa jambo lina mwisho wa karibu.

Nikaenda mtaa wa Gerezani kutafuta injini. Muuzaji mmoja, kijana mstaarabu sana, akaniuliza: "Gari lako ni oto au manyuo?" Nikamjibu manyuo, yaani gia za mkono. Akanionyesha injini zake zilizopangwa sakafuni. "Hizi zote zimekuja na giaboksi za oto, mzee wangu. Utaifunga na nini?" Sikuwa na jibu. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza, nikipima na kuandika kwenye daftari, na leo nawasomea hesabu ya daftari hilo.

Niseme mapema ninakoelekea, ili anayetaka kunipinga aanze kujiandaa. Naamini kwamba hapa Dar es Salaam magari mengi ya zamani yanabadilishiwa injini kabla mtu hajajua injini ya kwanza ina ugonjwa gani. Na ikibidi kweli kubadilisha, swali la kwanza liwe ni injini ipi gari hili na mji huu vinaweza kuibeba kwa miaka kumi. Swali la injini ipi ina nguvu zaidi lije nyuma ya hilo.

Kwa wasioijua 240Z: ilianza kutengenezwa mwaka 1969, na kwao Japani iliitwa Fairlady Z. Injini yake ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kamshafti moja juu, ile shafti inayofungua vali, inayozungushwa kwa cheni, na kabureta mbili. Bloku ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu. Nguvu iliyotangazwa Marekani ilikuwa farasi 151, lakini hiyo ni hesabu ya zamani, injini ikipimwa juu ya stendi bila mizigo yote inayobebeshwa ndani ya gari. Ikiwa garini ni pungufu ya hapo. Gari zima lina uzito wa tani moja na kidogo, na ndiyo maana injini hiyo ilitosha.

Tena ilitosha mahali ambapo magari mengi yalishindwa. Wazee mnakumbuka mashindano ya magari ya East African Safari, yaliyoanza mwaka 1953. Sisi watu wa Dar es Salaam tuna haki ya kumkumbuka Bert Shankland, mkazi wa mji huu, aliyeshinda na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena 1967 kwa Peugeot 404. Baadaye ikaja zamu ya Datsun. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mwaka 1970 kwa Datsun 1600 SSS, wakarudi 1971 wakashinda kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akishirikiana na Lofty Drews, alishinda kwa 240Z baada ya kulingana pointi na Harry Källström wa Sweden, naye pia akiwa kwenye Datsun. Ilibidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila kupoteza pointi ndipo mshindi apatikane. Baba mdogo alinunua gari lake kwa sababu ya ushindi huo. Alikuwa akilipita kwenye maegesho analigusa boneti kwa kiganja, kama mtu anayemsalimia ng'ombe wake.

Kwa hiyo nilipoambiwa "imekufa", nilikuwa naambiwa kwamba injini iliyovuka matope na vumbi la Afrika Mashariki imeuawa na foleni ya TAZARA. Hilo linahitaji ushahidi.

Sasa, mafundi, kabla hatujafika kwenye injini naomba tuinue zulia.

240Z haina chasisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, ikisaidiwa na mabomba membamba ya bati chini ya sakafu. Bati hilo linaoza. Linaozea chini ya betri, kwenye sakafu, nyuma ya milango na kwenye mabomba yale yale yanayobeba injini. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi. Gari lililolala Msasani au Kigamboni miaka kumi na tano chini ya turubai halifanani na gari lililolala Dodoma. Nilipoinua zulia upande wa abiria, bisibisi iliingia kwenye bati kama inaingia kwenye papai. Ikabidi nianze na mchomeleaji kabla ya fundi injini, na nawashauri wote mfuate mpangilio huo. Injini yenye msukumo mara mbili ya ile ya kwanza ikifungwa kwenye bodi iliyooza, bodi inajipinda, milango inagoma kufunga, kioo cha mbele kinapata ufa, na mwenye gari anaanza kuilaumu injini.

Haya, injini. Naanza na ile niliyoambiwa niweke, kwa sababu ndiyo inayopatikana kila kona.

Injini ya Mark II GX100 ni 1G-FE ya Toyota, silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 1,988. Ile yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha majira ya vali, ina farasi 160 na msukumo, yaani nguvu ya kuzungusha, wa newton-mita 200. Ni injini ya kuaminika, vipuri vyake unavipata hapa Kariakoo hadi jioni, na hakuna fundi katika chumba hiki ambaye hajawahi kuifungua. Sifa hizo sizipunguzi. Lakini L24 niliyoambiwa niitupe ilitangazwa kuwa na newton-mita 198. Basi nikate maunti zinazoshika injini, nichome mpya, nibadilishe propela shafti, mfumo wa mafuta na waya zote, ili nitoke 198 niende 200! Hata ukisema zile 198 zilipimwa kwa ukarimu, tofauti ya kweli haistahili kazi yote hiyo. Utakachopata ni kuwaka vizuri asubuhi na ulaji mdogo wa mafuta. Hivyo navyo ni vitu, ila kabureta mbili zilizosafishwa na kulinganishwa sawasawa zitakupa sehemu kubwa ya hayo kwa kazi ya siku moja.

Wanaofuata ni ndugu zake wakubwa, familia ya JZ ya Toyota. Vijana wangu, najua mmekuja kwa ajili ya sehemu hii.

Nimepanda Mark II yenye 1JZ ya turbo kwenye barabara ya Bagamoyo usiku, na nakiri moyo ulinienda mbio. Farasi 280, newton-mita 378 kwa ile ya VVT-i. Najua kwa nini mnaipenda. Pia najua 2JZ-GE, ile ya lita tatu isiyo na turbo, ni injini tulivu yenye nguvu inayozidi farasi 200 na inayodumu. Kama mtu angenilazimisha kuweka injini ya Toyota kwenye Datsun, ningechukua hiyo.

Lakini sikilizeni tatizo ambalo sikulisikia kwa fundi yeyote hadi nilipolala mwenyewe chini ya gari na tochi. L24 ina manifodi zake zote mbili, ya hewa na ya ekzosti, upande wa kushoto wa gari. Upande wa kulia uko wazi. Kwetu sisi tunaokaa kulia, shafti ya usukani inapita kwenye upande huo ulio wazi, bila kubanwa na bila kupata joto. Injini za JZ zina ekzosti upande wa kulia. Kwenye Mark II hakuna shida, Toyota walijua usukani uko wapi wakapanga nafasi tangu mwanzo. Kwenye Datsun yetu nafasi hiyo haikupangwa. Unapata bomba jekundu kwa joto likiwa jirani na shafti ya usukani, na ukiongeza turbo ndio kabisa. Picha nyingi za mitandaoni ni za magari ya Marekani, usukani uko kushoto, kwa hiyo wao wanaikuta nafasi tupu pale ambapo sisi tunaikuta shida. Tukiiga kazi yao bila kuligeuza jambo hili kichwani, tunachezea kitu kinachoshika uhai wa dereva.

Linatatulika. Inatengenezwa ekzosti ya kuchomelea inayopita chini kwa chini, linawekwa bati la kukinga joto, na pengine shafti inaongezewa kiungo ili ikwepe. Nimeona mafundi wa mji huu wanaochomelea kwa ustadi wa kufanya kazi hiyo. Nachosema ni kwamba kazi hiyo iwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Isije ikagunduliwa wakati injini imeshaning'inia kwenye mnyororo na mwenye gari ameshamaliza fedha.

Nawasihi jambo lingine kuhusu JZ. Kuna zile za Brevis, na baadhi ya Crown, Verossa na Mark II, ambazo sisi tunaziita D4. Zinafanana na nyingine ukiziangalia haraka, na zinauzwa kwa bei ya kuvutia. Hizo zinapuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na mmiliki yeyote wa Brevis aliye hapa anajua pampu hiyo inavyosumbua ikichoka na inavyouzwa. Kwenye gari la mwaka 1972 lenye tangi la zamani lenye kutu ndani, pampu hiyo haitakaa. Muuzaji akikuambia "ni JZ hiyo hiyo", soma herufi za mwisho: FSE ndiyo D4, iache.

Narudi kwa swali la yule kijana wa Gerezani, oto au manyuo. Injini nyingi zinazotufikia zilitoka kwenye magari ya oto. Ukitaka kubaki na gia za mkono, na gari la aina hii bila gia za mkono limepoteza nusu ya utamu wake, unahitaji giaboksi ya manyuo ya familia ile ile, flaiwili yake, klachi yake, na kontroli boksi, ile kompyuta ya injini, ambayo haitakaa ikisubiri taarifa kutoka kwenye giaboksi ya oto ambayo haipo. Altezza zilikuja na gia sita za mkono, ya 1G na ile ya 3S ya silinda nne pia, na nimeona mtu mwenye subira akisubiri Altezza iliyopata ajali ili anunue injini, giaboksi, waya na kontroli boksi kwa pamoja kutoka gari moja. Huo ndio ununuzi ninaouheshimu. Injini iliyokatwa waya kwa msumeno, ikauzwa peke yake, itakula fedha za fundi umeme kuliko ilivyonunuliwa.

Nyuma ya giaboksi kuna difu, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma. Magari haya yalikuja na difu ndogo iitwayo R180. Ilitosha kwa L24. Kwa 1JZ ya turbo ni suala la muda tu kabla haijavunjika meno au krosi za shafti za nyuma hazijakatika. Difu kubwa zaidi, R200, ilikuja kwenye Z za baadaye. Breki nazo: mbele ni diski, nyuma ni dramu, na zilipangwa kwa gari lenye nguvu ya mwaka 1970. Mtu akiongeza nguvu mara mbili bila kugusa breki, mimi sitapanda gari lake, na mwanangu sitamruhusu apande.

Na mafuta. Pampu ya kabureta inasukuma kwa presha ndogo mno. Injini ya nozeli inataka presha ambayo ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Kwa hiyo ni pampu mpya, mabomba mapya, vibano vya kuhimili presha, na tangi lililorekebishwa, kwa sababu ndani ya tangi la zamani mafuta yanakimbilia upande mmoja kwenye kona na pampu inavuta hewa. Mpira wa zamani wa kabureta ukiachwa kwenye mfumo wa presha kubwa, utapasuka, na utapasukia juu ya ekzosti.

Nyingine nitazipitia kwa haraka. RB za Nissan, zile za Skyline, zinalingana na gari hili kwa ukoo, maana Datsun ni ya Nissan, na ningefurahi kusikia RB26 ikiimba ndani ya 240Z. Lakini hapa kwetu injini hizo ni chache. Kila gasketi, kila sensa, utaiagiza Japani na kuisubiri huku gari limekaa juu ya mawe. V8 za Chevrolet ambazo Wamarekani wanaziweka sana zina bloku nyepesi ya aluminiamu katika matoleo mengi, kwao ni chaguo la akili. Sisi tukizitaka tutakuwa tunaagiza hadi boliti. Kuna anayeniuliza kila tukikutana kuhusu umeme, na leo namjibu: mota ya Nissan Leaf ya kwanza ina newton-mita 280 tangu unapogusa kanyagio, inatosha kabisa, ila betri yake ya kilowati-saa 24 ina uzito unaokaribia kilo 300, na lazima ikae mahali ndani ya gari la tani moja ambalo sakafu yake tumeshaiona. Mwenye bodi imara na fundi wa umeme anayejua kuheshimu volti mia kadhaa, ajaribu. Mimi naipenda sauti ya silinda sita.

Sasa naja kwenye chaguo ambalo halitajwi gereji, nalo ndilo nililolipenda kuliko yote.

L24 ina kaka yake, L28. Kwa nje bloku zao zinafanana. Kipenyo cha silinda kimetoka milimita 83 kikaenda 86, mwendo wa pistoni umetoka 73.7 ukaenda 79, na ujazo umefika 2,753. Inakaa kwenye maunti zile zile, inapokea giaboksi ile ile, manifodi zile zile, kabureta zile zile, na ekzosti inabaki kushoto, mbali na usukani. Hakuna waya wa kukata. Mtu akifungua boneti ataona injini aliyoizoea, ila kwenye mlima ndipo dereva anaihisi.

Utaipata wapi hapa? Ilikuja kwenye Z za baadaye, hizo ni adimu kwetu. Lakini Nissan Patrol za zamani, zile za mfululizo wa 160 za petroli, nazo zilitumia L28. Wazee mlioendesha magari ya miradi na ya mashirika miaka ya themanini mnazikumbuka. Nyingi zilishabadilishiwa injini zikawekwa dizeli, na injini ya petroli ikabaki imelala nyuma ya karakana fulani Morogoro, Iringa au Tanga, imefunikwa gunia. Ndiyo hiyo ninayowaomba muiulizie mkisafiri.

Ukiipata, sampo yake, bakuli la oili chini ya injini, usiitegemee, ilipangwa kwa gari lenye difu ya mbele. Vua sampo ya L24 yako pamoja na bomba lake la kunyonyea oili, vinakaa. Na hapa mafundi naomba umakini: hedi za L24 za mwanzo zina chumba kidogo cha kuchomea mafuta. Ukiikalisha juu ya bloku ya L28 mgandamizo unapanda. Kama pistoni zina bonde juu yake, unaweza kupata injini tamu sana. Kama ni bapa, inaweza kupanda kupita kiasi, injini ikaanza kugonga, na kwa joto la mji huu na foleni zake itajiua yenyewe. Pimeni ujazo wa chumba kwa sindano ya hospitali na mafuta ya taa kabla ya kufunga. Ni kazi ya nusu saa.

Niligusie suala la karatasi, kwa sababu limewahi kumkwamisha rafiki yangu alipotaka kuuza gari. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na ujazo wake. Ukibadilisha injini, taarifa za TRA, Mamlaka ya Mapato, lazima zibadilishwe zilingane na kilichomo ndani ya boneti, na bima ijulishwe. Dai risiti ya injini unayonunua, nenda na muuzaji mwenye duka, usinunue injini usiku kwenye bajaji. Namba ya injini yenye historia ya wizi itakufuata wewe, haitamfuata aliyekuuzia. Na injini ya kwanza ya gari msiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ipakeni oili, ifungeni nailoni, iwekeni stoo. Gari la mwaka 1972 lenye injini yake ya kuzaliwa, hata ikiwa pembeni yake, lina thamani ambayo lingine halina.

Wengi wananiuliza nimeamua nini.

Niliitoa L24 kwenye ile gereji ya kwanza, nikaipeleka kwa mzee mmoja mkereza vyuma. Yeye hakusema neno hadi alipomaliza kuiosha. Akaweka rula ya chuma juu ya hedi, akapitisha fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake. Kipimo cha mwisho kinachokubalika ni sehemu moja ya kumi ya milimita. Hedi yangu ilikuwa imepinda zaidi ya mara mbili ya hapo, kule nyuma kwenye silinda ya tano na ya sita ambako injini hizi hupata joto zaidi. Akapima silinda zote sita, juu, katikati na chini, akaandika kwa chaki kwenye meza. Bloku haikuwa na ufa. Silinda moja ilikuwa na mkwaruzo, nyingine tano zilikuwa zimelika kiasi cha kawaida cha umri wake. Akasema: "Hii inachongwa saizi ya kwanza, inapokea pistoni kubwa kidogo, inarudi." Kisha akaniuliza rejeta iko wapi. Nilipomletea, akaipitisha maji, yakatoka nusu. Huyo ndiye aliyeua gasketi. Ningeweka GX100, 1JZ au injini yoyote mbele ya rejeta ile, ningerudi tena TAZARA kusukuma.

Hedi imesawazishwa. Kwa kuwa imepungua kimo, kamshafti imesogea karibu na krenki na cheni imelegea, kwa hiyo chini ya vishikizo vya kamshafti zimewekwa shimu, vipande vyembamba vya chuma, za unene ule ule uliochongwa, ili majira ya vali yasichelewe. Mafundi mnaochonga hedi za injini za aina hii, hatua hiyo msiiruke, ndiyo inayowafanya wateja walalamike kwamba injini imetoka ovahoo ikiwa nzito. Rejeta imewekewa kiini kipya cha safu tatu, na nyuma yake feni ya umeme, maana feni ya zamani inazunguka polepole pale pale tunapoihitaji, gari likiwa limesimama.

L28 bado naitafuta, na nikiipata nitaijenga taratibu pembeni bila haraka. Lakini gari la baba mdogo litatembea kwa injini yake.

Pistoni zilifika juzi. Kazi ya kuifunga itaanza Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi, hapa hapa Chang'ombe, na yule mzee amekubali kupima kila pengo la ringi mbele ya yeyote atakayekuja. Vijana mnaojifunza, njooni na madaftari. Mwenye torki renchi ya uhakika anisaidie, yangu siiamini tena. Na hiyo gasketi, ikishafika mstari wa mwisho, naiomba irudi. Nataka kuitundika gereji.